Akizama, Akizama: Kifo cha Gesi katika Shairi la Owen na Jinsi ya Kukighani kwa Kiswahili Uganda

Kisa chenyewe ni kifupi. Kikosi cha askari wa Uingereza kinatoka mstari wa mbele kwenda kupumzika, katika Vita Kuu ya Kwanza. Wamechoka kiasi cha kutembea wakiwa wamelala. Makombora yanaanguka nyuma yao na hakuna anayegeuka. Ghafla sauti inapasua: gesi! Wanapapasa barakoa zao na wote wanawahi kuzivaa, isipokuwa mmoja. Huyo anakufa polepole mbele ya macho ya wenzake, wanamtupa juu ya gari la mizigo, na safari inaendelea. Hana jina wala cheo. Hatuambiwi ametoka kijiji gani.

Aliyekiandika ni Wilfred Owen, luteni mdogo wa miaka 24. Rasimu yake ni ya Oktoba 1917, alipokuwa katika hospitali ya kijeshi ya Craiglockhart huko Edinburgh, akitibiwa akili iliyotikiswa na mizinga. Shairi lina mistari 28 na jina la Kilatini, “Dulce et Decorum Est”, kutoka kwa Horace, mshairi wa Roma ya kale, aliyesema kuwa kufa kwa ajili ya nchi ni kutamu na ni heshima. Mwaka uliofuata Owen alirudi Ufaransa, akauawa tarehe 4 Novemba 1918 kwenye mfereji wa Sambre–Oise, wiki moja kabla ya bunduki kunyamaza.

Uchambuzi huu unashika kifo hicho kimoja na kuuliza swali la fundi: kitaingiaje katika Kiswahili, kisikike Gulu, Jinja, Bombo au Mbarara, kikiwa bado kinauma? Wengi wanaojaribu hukimbilia damu, utumbo na mifupa. Owen ana damu kidogo sana. Kinachomtisha msikilizaji wake ni mwendo wa sentensi: pale inapokwama, pale inapokimbia, na pale inapokataa kumalizika. Kwa Kiswahili kazi hiyo hufanywa na viungo vidogo vya kitenzi, -ka-, -ki- na hu-, pamoja na mizani, yaani hesabu ya silabi. Asiyevitawala hivyo, hata akimwaga ndoo nzima ya damu, atapata taarifa ya habari yenye vina.

Mwili wa shairi

Mistari 28 imegawanyika 8, 6, 2 na 12. Ile minane ya kwanza ni mwendo wa waliochoka. Sita inayofuata ni gesi. Kisha ipo miwili tu, imesimama peke yake: ndoto. Halafu kumi na miwili ya mwisho, ambayo yote ni sentensi moja ndefu inayomwambia mtu fulani: kama nawe ungeliona hili, usingewaambia watoto uongo ule.

Vina vinapishana kwa utulivu, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne, mpaka kwenye gesi. Hapo mashine inaharibika kwa makusudi. Mstari wa 14 unaishia kwa neno la kuzama, na mwenzake anayepaswa kuitikia kina chake ni mstari wa 16, ulio upande wa pili wa pengo kati ya beti. Nao unaishia kwa neno lile lile la kuzama. Walimu wa arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, hulihesabu jambo hili udhaifu: kina kikilingana na nafsi yake, mshairi ameishiwa. Owen hakuishiwa. Mtu anazama katika vita, miezi inapita, katika ndoto anazama tena, na hakuna neno jingine lililopatikana katikati.

Neno hilo si pambo hata kidogo. Wajerumani walifungulia klorini kwa wingi huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na kabla mwaka haujaisha fosijini ilikuwa imeingia vitani. Zote mbili huunguza mapafu. Mwili hujibu kwa kumwaga maji ndani ya vifuko vya hewa, na mtu anakosa pumzi kwa sababu kifua kimejaa maji yake mwenyewe. Anazama akiwa nchi kavu. Povu mdomoni, sauti ya kukoroma ndani ya koo, macho yaliyogeuka weupe: mambo haya yote yako katika shairi, na daktari angeyaandika vilevile. Hata rangi ya kijani ina asili yake. Anayetazama yuko ndani ya barakoa, anaona kupitia vioo vyenye ukungu na hewa iliyojaa gesi, ndiyo maana anamwona mwenzake kama aliye chini ya bahari ya kijani.

Msomaji wa Uganda anapata shida ya kwanza hapa. “Gesi” kwetu ni mtungi wa jikoni. Ya pili inayokuja akilini ni mabomu ya machozi: unakohoa, unanawa uso, baada ya nusu saa unasimulia ukicheka. Hadhira ikiingia na picha hiyo, askari wa Owen ataonekana mwoga aliyezidisha kelele. Dawa ni sentensi moja kabla ya kusoma, isizidi moja: “Gesi hii hujaza mapafu maji mpaka mtu azame akiwa amesimama.” Usiitie ndani ya shairi. Ukiitia, umeua mshtuko wa ubeti wa pili, kwa sababu askari wale hawakupewa maelezo.

Kuna pia kishawishi cha kuhamisha kisa. Mahali ambapo Owen anataja makombora ya Kijerumani kwa jina la mitaani la askari wa Uingereza, fundi wa Masaka anaweza kuingiza “saba saba”, jina ambalo wazee wanalijua kutoka mizinga ya 1979, Watanzania walipokuwa wakisonga kuelekea Kampala. Jina hilo litawatetemesha kweli. Lakini litaleta vita vingine vyenye wafu wake, na mtu wa gesi atasahaulika. Sisi tungeandika “mizinga” na kupita. Anayetaka saba saba aandike shairi la saba saba, linastahili lake.

Mshororo unaochechemea

Ubeti wa kwanza ni kinyume cha wimbo wa kwata. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, ambao batalioni yao ya nne ilikuwa ya Uganda, waliimba wimbo wa kufunga safari wenye swali na jibu: amri ya nani? Ya Bwana Kapteni, ya Keya. Kazi ya wimbo kama huo ni kuweka miguu mia mbili katika hatua moja na kulijibu swali kabla halijawa swali. Owen anaanza pale wimbo ulipokatika. Mstari wake wa Kiingereza una mapigo matano ya kawaida, lakini ameujaza vituo na silabi nzito, hata ulimi unajikwaa.

Kiswahili hakiwezi kurundika mikazo hivyo. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote, na ndio unaofanya beti zetu zitiririke. Tulichonacho ni mizani. Katika shairi la kawaida mshororo una vipande viwili vya mizani 8, na sikio la msikilizaji limezoea uzito huo sawa kulia na kushoto. Basi mpunguzie upande mmoja:

*Wengi hawana viatu, wamevaa damu.*

Kipande cha kwanza mizani 8, cha pili 6. Mshororo unachechemea kama anayesemwa. Inatosha kufanya hivyo mara mbili katika ubeti mzima. Ukivunja kila mshororo, sikio linazoea, linadhani ni guni, shairi lisilofuata kanuni, na kilema hakisikiki tena. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kwa vijana wanaoandika mashairi huru ya vita: hakuna kinachovunjika kwa sababu hakukuwa na kilichojengwa.

Faida nyingine ya “wamevaa damu” ni kwamba kitenzi hicho kinarudi baadaye kidogo kama amri ya kuvaa barakoa. Msikilizaji hatalitaja, lakini atalisikia.

Kwa nini utenzi wa kawaida unamkosa

Ukimpa mshairi yeyote wa Kiswahili vita, mkono wake utakwenda kwenye utenzi. Ni haki yake. Utenzi wa Tambuka ni wa 1728, na vita vya Kagera vilipata utenzi wao kutoka kwa Henry Muhanika mwaka 1981. Mishororo minne, mizani nane, vina vitatu vinavyofanana na cha nne kinachofunga beti zote. Chombo hiki kimeundwa kubeba historia ndefu: nani alitoka, nani alifika, nani alishinda. Sasa tazama kinavyombeba mtu wa gesi:

*Gesi ikatuvamia,*
*wenzetu wakakimbia,*
*mmoja akabakia,*
*akafa kwa ushujaa.*

Mizani sahihi, vina sahihi, na hakuna kilichotokea. Tatizo si neno “ushujaa” peke yake, ingawa ni la uongo: mtu huyu hakufanya ushujaa wowote, vidole vyake vilichelewa tu. Tatizo kubwa ni -ka-. Kiungo hicho husukuma tukio mbele na kukabidhi zamu kwa linalofuata. Ikavamia, wakakimbia, akabakia, akafa. Sikio tayari linangoja la tano. Kifo kimekuwa kituo kimoja cha basi. Mwandishi wa utenzi anahitaji hivyo, maana ana vita vizima vya kuvusha. Owen hana mahali pa kwenda.

Badilisha -ka- kwa -ki-:

*Gesi! Gesi! Vaa! Vaa!*
*Vidole vikikataa,*
*mmoja akijikwaa,*
*akizama. Akizama.*

Ni utenzi uleule, kila mshororo mizani 8. Hesabu “mmoja” vizuri: M ya kwanza ni silabi, na msomaji akiimeza anabaki na 7. Lakini sasa hakuna tendo lililokwisha. Vidole bado vinakataa. Mtu bado anajikwaa. -ki- inamweka msikilizaji katikati ya jambo na kumnyima mlango wa kutokea, ndiyo maana shairi la Owen nalo hapo linaacha vitenzi vilivyokamilika na kushika vile vinavyoendelea. “Akizama” lina mizani minne, kwa hiyo mara mbili ni mshororo kamili. Lugha yenyewe imetupa hesabu hiyo bure.

Mshororo wa kwanza hauna msemaji. Usiandike “sajini akapaza sauti akisema”. Amri inatua bila mwenyewe, kama ilivyotua masikioni mwao.

Kwa Mganda amri ya Kiswahili ina uzito ambao msomaji wa Unguja au Lamu hana. Lugha hii ilifika sehemu kubwa ya nchi ikiwa imevaa sare. Ilikuwa lugha ya Keya, kisha ya jeshi na polisi baada ya uhuru. Amin aliifanya lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa raia wengi wa kusini ilibaki kuwa sauti ya kizuizini. Miaka ya mwanzo ya 1980 misako ya Kampala ilijulikana kwa maneno mawili ya Kiswahili, panda gari, na mpaka leo mzee akiyasikia hafikirii teksi. Kwa hiyo “Vaa! Vaa!” hapa haisikiki kama tafsiri, inasikika kama ilivyo. Arua na Bombo mambo ni tofauti, kwa kuwa Kiswahili ni cha soko na nyumbani pia, na huko msomaji asitegemee hofu hiyo. Atalazimika kuitengeneza kwa kasi: mishororo mitatu ya kwanza pumzi moja, kisha breki.

Tahadhari kuhusu tanakali za sauti. Kiswahili kina hazina yake, na mkono utawasha kuandika jinsi koo lilivyolia. Usifanye hivyo kwenye ubeti huu. Tanakali tumelishwa utotoni, kwenye hadithi za sungura na fisi, na ukumbi mmoja ukicheka kidogo tu, shairi limekwisha. Kama ni lazima, iwe moja, katika sehemu ya gari la mizigo, ambapo kila gari linaporuka shimo sauti inatoka kifuani mwa anayekufa. Pale mtikisiko wa barabara tayari umefukuza kicheko. Barabara za murram zinatusaidia. Hakuna asiyejua kuruka kule.

Mishororo miwili na kimya cha miwili

Ubeti wa ndoto ndio kiini, na ndio unaoharibiwa zaidi. Owen ameuacha na mistari miwili. Mfasiri mwema humwonea huruma, akamwongezea miwili ili ubeti ukamilike. Usimwongezee:

*Ndotoni hunirukia,*
*akizama.*

Mizani 8, kisha 4. Kina cha -ia hakina mwenzake. “Hu-” hapa imebeba mzigo wote: haina wakati, haisemi jana wala kesho, inasema ndivyo ilivyo kila mara. Tumetoka -ka- tukaenda -ki-, sasa tumefika kwenye kitenzi kisicho na kalenda. Msikilizaji aliyelelewa kwa utenzi atangoja mishororo miwili iliyobaki. Msomaji naye anyamaze kwa urefu wa mishororo hiyo, mizani 16 kamili, akihesabu moyoni kwa mwendo uleule aliokuwa akisoma nao. Akifupisha, itaonekana amesahau mstari. Akirefusha, itaonekana anaigiza.

Kaskazini mwa Uganda ubeti huu una wasikilizaji wanaoujua kabla haujasomwa. Kwa Waacholi, aliyekufa vibaya anaweza kumwandama aliyemuua, au hata aliyeipita maiti yake porini bila kuiheshimu. Roho hiyo huitwa cen, na ndoto ni mojawapo ya njia zake. Vita vya waasi wa LRA viliwaachia wengi mzigo huo, wakiwemo waliotekwa wakiwa watoto. Mtu wa Owen hakuuawa na anayeota, lakini alikufa vibaya na akatupwa garini kama gunia. Mantiki ya kutokea kwake usiku ingeeleweka Kitgum bila maelezo ya chini.

Ndiyo maana swali la “nani alimsafisha huyu anayeota?” linaweza kuzuka, na ni swali zuri kuliko mengi ya darasani. Anayerudi kutoka msituni Acholi huweza kupokewa kwa nyono tong gweno, kukanyaga yai, kabla ya kuingia nyumbani. Shairi halina yai. Craiglockhart kulikuwa na daktari, Arthur Brock, aliyeamini kwamba mgonjwa arudishwe duniani kwa kupewa kazi; Owen alipewa kuhariri gazeti la hospitali. Ilimsaidia kusimama. Kisha alirudishwa vitani. Katika shairi jingine la 1918 anamkuta chini ya ardhi adui ambaye yeye mwenyewe alimuua kwa singe jana yake, na adui anamwita rafiki na kumwalika walale. Hilo liko karibu zaidi na cen, na kwa sababu hiyo lina hatari zaidi mbele ya hadhira tusiyoifahamu.

Anayesoma mbele ya waliowahi kubeba bunduki, au mbele ya familia zenye watu Somalia, ambako jeshi la Uganda, UPDF, liliingia Machi 2007, afanye mambo machache ya kawaida. Aseme mapema kwamba kuna mtu anakufa polepole katika shairi na anarudi ndotoni. Mlango uwe wazi na asiwepo wa kuwauliza wanaotoka. Asome asubuhi, si jioni, kwa kuwa shairi linamwacha mtu mlangoni mwa usingizi. Na asiwaombe kusimulia yao baada ya kusoma. Atakayetaka atasema. Kambi ya Buulo Mareer huko Somalia ilishambuliwa tarehe 26 Mei 2023 na Rais akatangaza askari 54 wa Uganda waliouawa. Wajane wao hawako kwenye kitabu cha historia, huenda wamekaa safu ya tatu.

Uongo wa kale, kwa anwani yetu

Mistari 12 ya mwisho inamsemesha mtu mmoja. Katika rasimu Owen aliandika jina lake: Jessie Pope, aliyekuwa akichapisha mashairi magazetini ya kuwahimiza vijana wajiandikishe. Baadaye alilifuta, ikabaki “rafiki yangu”. Kwa Kiswahili hapa lazima uchague kati ya wewe na ninyi, na ninyi ni kosa. Ukumbi ukishtakiwa wote, kila mmoja anamtazama jirani yake. “Ungeona”, “ungesikia”, “usingewaambia”: -nge- tatu, mtu mmoja.

Sentensi hii ndefu inashikiliwa na “kama” mbili na jibu lake linacheleweshwa mpaka mstari wa tisa. Mfasiri asiikate kwa nukta. Kiswahili kinabeba sharti refu bila taabu. Mashehe na mawakili hufanya hivyo kila siku.

Shida ni Kilatini cha mwisho. Owen aliandikia watu waliokariri Horace shuleni. Uganda, kukiacha Kilatini kilivyo ni kumwachia msikilizaji mlio wa kanisa la zamani. Wapo wanaotaka kuweka kaulimbiu ya taifa mahali pake, “Kwa Mungu na Nchi Yangu”. Ni ukali usio na shabaha: kaulimbiu hiyo haisemi kwamba kufa ni kutamu, na ukumbi utahama kutoka kwa mtu wa gesi kwenda kwenye siasa za wiki hii.

Ukanda wetu una sentensi inayofaa zaidi, na ilitungwa kwa ajili ya vita vilevile. Mnara wa askari na wachukuzi uliozinduliwa Nairobi mwaka 1928 una maneno ya mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Wachukuzi wanaitwa humo miguu na mikono ya jeshi, na ahadi inatolewa kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Juu ya mnara huo hakuna jina hata moja la askari wala mchukuzi. Maelfu kwa maelfu ya wachukuzi walikufa kwa njaa, kuhara na homa katika kampeni ya Afrika Mashariki, na wengi wao hawakuandikwa popote. Kipling hakuwa akidhihaki. Mwanawe mwenyewe aliuawa vitani Loos, Ufaransa, mwaka 1915. Uongo mtamu huaminiwa kwanza na anayeutunga.

Kwa umbo, mstari wa mwisho wa Owen ni mfupi kuliko wote, silabi sita mahali pa kumi. Arudhi yetu ina jina la kitendo hicho: msuko, ubeti ambao mshororo wake wa mwisho umekatwa. Kwa hiyo hakuna haja ya kubuni kitu:

*Usingewapa watoto, wenye uchu wa fahari,*
*ule uongo wa kale, uliochongwa jiweni:*
*watalikumbuka jina.*

Kumi na sita, kumi na sita, nane. Msikilizaji wa mashairi ataujua msuko, na ataona kwamba kilichokatwa ni ile nusu ambayo ingelitaja jina lenyewe.

Sauti na ukurasa

Kughani kunapamba, hiyo ndiyo hatari yake. Lahani nzuri ya utenzi inaweza kumfanya mtu wa gesi afe vizuri. Njia inayofanya kazi ni kughani ubeti wa kwanza wa mwendo, tena kwa lahani iliyozoeleka, kisha kuiangusha kabisa kwenye “Gesi!” na kusema kwa sauti ya kawaida. Usirudie lahani kwenye ndoto. Kwenye sentensi ndefu ya mwisho inaweza kurudi chinichini, na ikatike katikati ya msuko. Ngoma isiwepo. Kipaza sauti kiwe mbali kidogo na mdomo, maana “Vaa! Vaa!” ikipasuka kwenye spika watu watashtushwa na spika.

Makofi na vigelegele kati ya beti ni adabu yetu kwa mshairi, na hapa vitaziba kimya cha ndoto. Waombwe mapema vingoje mwisho. Mshereheshaji ndiye aseme, si msomaji.

Ukilichapa, acha nafasi ya mishororo miwili tupu baada ya ubeti wa ndoto, na uandike maelekezo pembeni kwa mpangaji wa kurasa kwamba pengo hilo lisizibwe. Ataliona kama kosa la chapa na kuliondoa, hasa kama ukurasa umejaa. Pia usiache programu ya kompyuta ipange herufi kubwa mwanzoni mwa “akizama” ya ubeti huo: haianzi sentensi, inaiendeleza.